Chombo cha Mwindaji Nusura Kinitenge na Jirani Yangu

Kama wewe ni mkazi wa Ruiru, au una jamaa huku, bila shaka unajua kwamba hakuna maneno yanayotamkwa mara nyingi hapa kuliko "hamsini kwa mia". Ukipanda matatu utayasikia. Ukiketi kwa kinyozi utayasikia. Hata kanisani, watu wakisimama nje baada ya ibada kusalimiana, mazungumzo hayakawii kufika kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Mashamba ya kahawa yaliyoupa mji huu sifa, hata aina moja ya kahawa iliyozinduliwa 1985 ikaitwa Ruiru 11, mengi yamekatwa vipande vipande, na kila kipande kina mwenyewe, hati yake na ua wake.

Mimi pia ninacho changu. Nilikinunua miaka kumi na miwili iliyopita, nikajenga kidogo kidogo kama wengi wetu tunavyojenga: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu mabati. Leo sitaki kukusimulia habari za kujenga. Nataka kukusimulia jinsi kifaa kidogo cha kutoshea mfukoni, kilichotengenezewa wawindaji, kilivyonifanya nimwite mwizi mwanamke wa umri wa mama yangu mzazi. Nakusimulia bila kujificha kwa sababu vifaa hivi sasa vinaletwa na jamaa zetu kutoka ng'ambo, na huenda wewe au mwanao mkavutiwa navyo kama nilivyovutiwa mimi.

Zawadi kutoka Minnesota

Desemba iliyopita shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuja likizo kutoka Marekani. Anaishi jimbo la Minnesota, na huko amejifunza mambo ambayo sisi huku tunayasikia tu katika hadithi. Kila msimu wa majani kupukutika hukata leseni, akachukua uta wake na kwenda msituni kuwinda kulungu wa huko, wale wenye mkia mweupe. Watoto wangu walimzunguka usiku kucha wakimuuliza maswali. Kijana wangu wa sekondari ndiye aliyekuwa na la kwanza: "Mjomba, ukiwa mbali na mnyama, unajuaje yuko umbali gani?"

Shemeji akacheka, akafungua mkoba, akatoa kitu kama nusu ya darubini. Kinashikwa kwa mkono mmoja. Unatazama kwa jicho moja, unaelekeza alama iliyo katikati ya kioo kwenye kitu unachokitaka, unabonyeza kitufe, na papo hapo nambari inatokea mbele ya jicho lako. Kesho yake asubuhi tulitoka nje sote tukapima kila kitu: mlingoti wa stima, paa la jirani, mbuzi aliyefungwa kando ya barabara. Mlingoti ulikuwa yadi 61. Mbuzi, yadi 38.

"Hiki kinaitwa kipimaumbali cha leza," shemeji alieleza. "Kinatupa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga ukigonga kitu, sehemu yake inarudi. Humu ndani mna saa inayohesabu muda wa kwenda na kurudi."

Yule kijana wangu alikimbia akaleta kalamu. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Basi kitu kikiwa mita 15 kutoka kwako, mwanga utasafiri mita 30, kwenda na kurudi, na safari hiyo yote itachukua sehemu moja tu ya sekunde iliyogawanywa mara milioni kumi. Tulitazamana. Nilisema moyoni, mtu anayeweza kuunda saa ya namna hiyo hawezi kukosea. Hapo ndipo nilipoanza kupotea, msomaji wangu, kwa maana nilikistaajabia chombo kabla ya kuuliza kiliundwa kwa kazi gani.

Shemeji alipokuwa akifunga mizigo ya kurudi, aliniachia kile kifaa. "Shemeji, huku hakuna kuwinda, lakini watoto wamekipenda. Mimi nitanunua kingine."

Kweli, huku hakuna kuwinda. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori Mei 1977, na marufuku hayo yangali yanatumika. Lakini nchi hii yetu ya Ruiru na Juja ilikuwa zamani uwanja wa wawindaji wakubwa. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama Rais wa Marekani, alikuja kuwinda Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit, na akakaribishwa katika shamba la Juja la tajiri William McMillan. Katika safari hiyo nzima baba na mwana waliua wanyama zaidi ya 500. Wakati huo hapakuwa na leza. Mwindaji alikadiria umbali kwa jicho, akafyatua, kisha akahesabu hatua hadi alipoanguka mnyama. Leo hapo walipokuwa wakilisha pundamilia pana nyumba za kupanga na maduka ya simu.

Nambari iliyonitia wazimu

Januari nilipata pesa kidogo, nikaamua kujenga ukuta wa mawe mbele na upande mmoja. Fundi aliniambia nimpe vipimo ili ahesabu mawe, mchanga na saruji. Zamani ningemtuma mtu atafute tepu. Lakini nilikuwa na chombo cha kisasa mfukoni, ya nini kuhangaika?

Ploti yangu inapakana na ya mama mmoja mzee ambaye mtaa mzima tunamwita Cucu. Alinunua kabla yetu sisi wengine, kupitia kwa kundi la wafanyakazi wa zamani wa shamba la kahawa. Kati yetu ameotesha ua wa kayaba, ule mti wenye miiba mirefu ambao hata paka hupita akiomba dua. Ua huo una kasoro moja ambayo nilikuwa nikiitazama miaka yote bila kufikiri: karibu na mnara wa tangi langu la maji umepinda kidogo kuelekea kwake, kisha unarudi kwenye mstari.

Nilisimama juu ya bikoni ya kona ya kushoto, ile inayoonekana. Nikaelekeza kifaa kwenye kona ya kulia, ambako bikoni imemezwa na kayaba. Nikabonyeza. Yadi 15.

Nilibonyeza tena. Yadi 15. Yadi moja ni futi tatu. Tatu mara kumi na tano ni arobaini na tano. Nilinunua hamsini. Futi tano zimeenda wapi?

Nikaenda upande wa nyuma, nikapima. Yadi 16, yaani futi 48. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini mbele iwe hivi na nyuma iwe vile. Mimi nilijijibu upesi: mbele ni kando ya barabara, ardhi ina thamani zaidi, kwa hiyo ameiba zaidi mbele. Unaona jinsi mtu akishaamua jambo, hata ushahidi unaompinga huugeuza ukawa wa kumuunga mkono?

Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, ngoja. Uliza kwanza." Sikungoja. Nilimwambia fundi asubuhi ya pili aje na vijana wawili na mapanga, kayaba ing'olewe. Kisha nikatoka hadi langoni kwa Cucu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Walikuwepo pia akina mama wawili wa chama chake na kijana wa kuleta maziwa.

Sikumsalimia vizuri. Nilimwambia mbele ya watu hao kwamba ameingia kwangu futi tano, kwamba ninao ushahidi wa mashine kutoka Marekani, na kwamba hata ule ua wake uliopinda unaonyesha ulipandwa kwa ujanja.

Cucu hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo hadi leo yakinijia usiku hunitoa usingizi.

"Mwanangu, mimi nimechuma kahawa miaka ishirini. Tulikuwa tukilipwa kwa debe. Karani akitaka, debe lako lililofurika analisukuma kwa mkono, anasema halijajaa, ongeza. Nimeongeza kahawa yangu juu ya debe lililojaa mara nyingi, watoto wangu wakiwa na njaa nyumbani. Mtu anayepimiwa vibaya huhisi nini, mimi ninajua. Siwezi kumfanyia mtu hivyo. Lete mpimaji. Wa serikali au mwenye leseni, lakini si hicho cha mfukoni. Akisema nimekula, nitang'oa kayaba kwa mikono yangu."

Nilirudi nyumbani nikiwa bado na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa imeanza kuvuja. Usiku huo nilimpigia fundi simu asije.

Mpimaji anafika

Nilitafuta mpimaji mwenye leseni. Ada yake iliniuma, sitakuficha, lakini nilijiambia kwamba nikishinda kesi, Cucu atanilipa. Alipokuja hakuanza kwa kupima. Alianza kwa makaratasi. Alikuwa amechukua ramani ya usajili ya eneo letu na kumbukumbu za wakati shamba lilipogawanywa. Ramani hizo hupatikana kwa wapimaji wa serikali, na makao yao yapo Ruaraka, kando ya barabara hii hii ya Thika tunayoipita kila siku.

Kisha akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akampa msaidizi wake fimbo yenye kioo maalumu juu. Nilimuuliza kwa kiburi kama chombo chake si kile kile changu ila kikubwa. Akaomba kukiona changu. Alikigeuzageuza, akasoma maandishi madogo, akatabasamu.

"Mzee, hata changu hutumia mwanga. Lakini changu nakiweka imara juu ya nukta moja, nacho kinalenga kioo kilichowekwa juu ya nukta nyingine. Kinasoma hadi milimita. Chako kimeandikwa hapa: kinaweza kukosea yadi moja, juu au chini. Na hakionyeshi sehemu za yadi. Kwa mwindaji si kitu. Kwa ploti ni balaa."

Msaidizi alipinda chini ya kayaba na jembe dogo, akachimba pale alipoonyeshwa. Baada ya kama shubiri mbili za udongo, jembe liligonga saruji. Katikati yake palisimama chuma: bikoni yenyewe, haijasogezwa hata wanda moja. Wakapima kutoka bikoni hadi bikoni. Mita 15.24. Hizo ni futi hamsini kamili.

Basi ile yadi 15 ilitoka wapi? Mpimaji alinionyesha. Matawi ya kayaba yalikuwa yameota kuja kwangu karibu futi tatu, kwa sababu upande wangu sijawahi kuupogoa. Mwanga wa kifaa changu haukuifikia bikoni kabisa. Uligonga majani ya mbele ukarudi. Kwa hiyo nilikuwa nikipima futi 47, ambazo ni yadi 15 na theluthi mbili. Zile theluthi mbili kifaa kikazimeza, kwa maana kosa la yadi moja ni ruhusa yake. Zile futi tano nilizomtwisha Cucu ni uvivu wangu wa kupogoa ukijumlishwa na tabia ya kawaida ya kifaa.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Lakini mpimaji hakuwa amemaliza. Alitembea hadi kwenye mnara wa tangi, akapima, akaandika, akaniita pembeni kwa sauti ya chini.

"Msingi wa tangi hili umevuka mpaka. Umeingia kwa jirani futi moja."

Nilimtazama Cucu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, leso mabegani, na hakuonyesha mshangao wowote. Ndipo nilipouelewa ule mpindo. Alipanda kayaba baada ya mimi kujenga mnara, na alipofika pale akaupitisha ua ndani kwake ili asinisumbue.

"Cucu, ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua. Ulipochimba msingi nilipima kwa kamba yangu. Nikasema, ni kijana, watoto wake ni wadogo, wanahitaji maji. Futi moja haitanilaza njaa."

Miaka yote hiyo, msomaji wangu, mimi ndiye niliyekuwa nimekula cha mwenzangu, naye akanyamaza. Na siku nilipopata mashine ya kunionyesha nambari, wa kwanza kuitwa mwizi alikuwa yeye.

Chombo kizuri, kazi siyo

Watu wa Pwani husema, kila chombo kwa wimbile. Wao wanazungumzia majahazi, lakini mimi nimeyachukua maneno hayo yakawa ya vifaa vyangu vyote. Kile kifaa cha shemeji si kibovu. Nilimpigia simu kumweleza yaliyonipata, akanieleza kwa subira kwa nini yadi moja haimsumbui. Mshale unapokwenda huanguka kidogo kidogo. Mnyama akiwa yadi 30, ukikosea yadi moja mshale utapotoka kwa upana wa vidole viwili hivi, na bado utaingia kifuani mahali pa kumwangusha mara moja. Ukikosea yadi tano, utapotoka karibu shubiri nzima, na mnyama atakimbia na jeraha akafie mbali. Kwake yeye, kifaa hicho ni huruma kwa mnyama.

Nilimuuliza basi mtu akitaka kuchagua hufuata nini. Nayaandika hapa kwa sababu wapo wasomaji wenye jamaa wawindaji ng'ambo, na hata jirani zetu wa Tanzania wanaruhusu uwindaji kwa leseni katika maeneo maalumu.

Kwanza, usidanganywe na nambari kubwa ya kwenye kisanduku. Kikiandikwa yadi 1,000, hiyo ni kwa kitu kinachorudisha mwanga vizuri, kama kibao cha barabarani. Manyoya ya mnyama hunyonya mwanga, na umbali huo hupungua sana, mara nyingi ukawa nusu au chini yake. Tafuta palipoandikwa umbali wa kulungu.

Pili, uliza kama kinaweza kuchagua kati ya kitu cha mbele na cha nyuma. Msituni, majani huwa mbele ya mnyama. Mwindaji hukiweka kifaa kwenye hali ya kusoma kitu cha mbali zaidi ili mwanga unaogonga majani upuuzwe. Mimi sikujua hata kwamba kitufe hicho kipo. Kayaba ilinifunza.

Tatu, uliza kama kinahesabu mteremko. Mtu aliye juu ya kilima akimlenga mnyama aliye chini, umbali wa macho si umbali unaoutawala mshale. Mita 40 kwenye mwinamo wa digrii 30 ni sawa na takriban mita 35 za ardhi tambarare. Vifaa vizuri vina kipimo cha mwinamo ndani yake na hutoa nambari zote mbili.

Nne, angalia kioo kama kinaonyesha vizuri alfajiri na magharibi, maana ndizo saa za wanyama kutoka. Angalia kama hakiingii maji, na kama betri yake inapatikana mahali unapoishi.

Wachezaji gofu nao, wakiwemo wa uwanja wetu wa hapa Ruiru, wanavyo vya aina yao. Vyao hufanya kinyume cha vile vya porini: hushika kitu cha mbele, yaani bendera, na kupuuza miti iliyo nyuma. Tangu 2019 kanuni za gofu zinaruhusu kupima umbali kwa kifaa, isipokuwa shindano lenyewe likikataza. Unaona basi? Mwindaji na mchezaji gofu tu, vifaa vyao vinafanana kwa sura, lakini hukiwezi cha mmoja kwa kazi ya mwingine bila kukibadilisha hali. Seuze kupima mpaka wa ardhi!

Wewe mwenye ploti, fanya hivi

Kama kazi yako ni ya nyumbani, kupima chumba ili ununue vigae au pazia, kipo kipimaumbali cha leza cha mafundi. Hicho hutoa nukta nyekundu ukutani na husoma kwa usahihi wa milimita mbili hivi, mara nyingi hadi mita 40 au 50. Ni kizuri ndani ya nyumba. Nje, kwenye jua letu la saa sita, ile nukta nyekundu huioni, kwa hiyo mtu asimame upande wa pili na kibao. Waonye watoto wasielekezeane machoni.

Kwa ploti, tepu ndefu ya mita 30 au 50 bado ni rafiki mwaminifu. Ivutwe na watu wawili, iwe imekazwa, isilale juu ya majani wala kupinda kwenye jiwe. Pima kutoka katikati ya bikoni hadi katikati ya bikoni. Ukimaliza pande zote nne, pima pia kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Ploti ya futi 50 kwa 100 iliyo mraba sawasawa, mishazari yake yote miwili huwa futi 111 na inchi 10, au mita 34.08. Ikitofautiana sana, ujue kona zimepotoka ingawa pande ziko sawa. Mwambie mwanao wa sekondari akuhesabie, ni hesabu ya pembetatu anayofundishwa darasani. Na usishangae ukigundua kwamba ile tunayoiita thumni ya ekari haitimii: thumni kamili ni futi mraba 5,445, na hamsini kwa mia ni 5,000 tu.

Lakini tepu ni ya kukuondolea shaka, si ya kukupa haki ya kung'oa ua wa mtu. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mipaka iliyo kwenye ramani ya usajili kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kukadiria, mpaka iwekwe rasmi. Mkigombana, mahakama haitasikiza kesi ya mpaka kabla msajili wa ardhi hajaamua mpaka uko wapi. Na sheria hiyo hiyo inamfanya mkosaji yeyote anayeharibu au kung'oa alama ya mpaka. Fikiria: lau fundi wangu angekuja na mapanga asubuhi ile na kugonga bikoni chini ya kayaba, ningekuwa mimi mbele ya hakimu.

Kwa hiyo, mtafute mpimaji mwenye leseni kabla ya kununua, si baada ya kugombana. Mwambie akuonyeshe kila bikoni, uishike kwa mkono, kisha uisafishe kila mwaka isimezwe na nyasi. Nenda naye na jirani zako wote waone pamoja nawe.

Nilivyoomba radhi

Jumapili iliyofuata, mimi na mke wangu tulikwenda kwa Cucu na sukari, unga na majani chai. Nilikuwa nimewaomba wale akina mama wawili wa chama wawepo, na hata kijana wa maziwa, kwa sababu niliyemtukana mbele ya watu ilinipasa kumwomba msamaha mbele ya watu. Nilimwambia nitabomoa mnara wa tangi na kuurudisha ndani kwangu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya watoto wake na wangu, wasije wakarithi ugomvi ambao sisi tungeumaliza kwa mawe machache. Hapo akakubali.

Tangi limehama. Kayaba nimeipogoa upande wangu, nikachomwa na miiba hadi kwenye viwiko, na sikulalamika. Kile kipindo cha ua bado kipo. Cucu anasema kayaba haihamishwi kama tangi, tuuache ulivyo. Kila ninapokwenda kufungua maji asubuhi ninaupita.

Kifaa cha shemeji ninacho bado. Watoto hukitumia kupima umbali wa korongo wanaotua kwenye bwawa, na kwa kazi hiyo, msomaji wangu, hakuna kinachokizidi.